Koti la Anvers na Maswali ya Courtrai

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko Jumapili zote nilizosali Élisabethville kule Katanga. Ni ile ambayo mjomba wangu Kasongo aliingia kanisani amevaa koti jipya la kaki. Watu waligeuka kumtazama, naye akatembea polepole hadi viti vya mbele ili wamtazame vizuri. Koti lilimkaa. Alikuwa fundi, angewezaje kulishona likamkaa vibaya? Lakini mkewe, Mama Monga, aliyekaa upande wa wanawake, aliinamisha kichwa kana kwamba mume wake ameingia uchi.

Nitakueleza kwa nini. Umenijia na anwani zako za biashara za Ubelgiji, umezikusanya nyingi, na unaniuliza umwandikie nani kwanza. Unadhani kazi ngumu ni kupata anwani. Kaa kidogo. Mimi bado sijashika mkongojo, nywele ndizo zimenitangulia. Miguu yangu haijawahi kukubali kutulia: nimelala Kolwezi, nimelala Ndola, nimelala Kasenga kwenye harufu ya samaki wa Luapula, na hata ng'ambo ya bahari nimefika. Lakini kila nikibaki peke yangu, roho inarudi mtaani kwetu Kamalondo, kwenye baraza la mjomba, nisikie cherehani zikilia pamoja kabla jua halijawa kali.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimetoka shule ya sekondari ya mapadri, nimepata kazi ya ukarani kwenye stesheni ya mizigo. Wazazi wangu walitoka kaskazini mwa Katanga kufuata reli, na mjomba ndiye aliyenilea mjini. Mafundi wa baraza lake walishona kaki: suruali za wafanyakazi, mashati ya makarani, na zaidi ya yote nguo za wanafunzi, maana shule zilipofunguliwa kila mama wa Kamalondo alitaka mtoto wake aende amevaa kaki iliyopigwa pasi. Kitambaa walikinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyekuwa na duka kubwa mjini. Sitamtaja jina. Alikuwa na desturi ya kuwauzia mafundi wetu kile kilichokaa dirishani hadi jua likakila rangi, na ukimwonyesha alama ya jua alikuambia, "Kama hautaki, leka." Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Ndipo mafundi waliponiuliza: "Wewe mwenye kusoma, hii kaki inatoka wapi kabla ya kufika kwa Bwana?"

Hilo ni swali jema, mwanangu, na jibu lake lilikuwa limepigiliwa misumari kila mahali mbele ya macho yetu. Unajua makasha ya mbao yanayoleta bidhaa kutoka Ulaya? Yakishafunguliwa hayatupwi. Kamalondo yote ilikuwa imejengwa nusu kwa mbao hizo: mlango wa choo, rafu ya sahani, banda la kuku. Na kila ubao ulikuwa na maandishi. Nikawa natembea barabara hadi barabara nikisoma mabanda ya kuku ya watu. Mama mmoja alinikuta nimeinama nyuma ya nyumba yake akapiga kelele, "Weee! Unatafuta nini kwa kuku yangu?" Nikamwambia natafuta kiwanda cha Ubelgiji. Akawaita majirani waje wamwone mwenda wazimu.

Kwenye mbao hizo niliona maandishi ya namna mbili. Kulikuwa na jina kubwa la rangi nyeusi, ambalo hata mtu wa mbali angelisoma, na karibu kila mara mji wake ulikuwa Anvers, penye bandari. Tena pembeni, mara chache, palikuwa na alama ndogo iliyochomwa kwa chuma cha moto, na mji wake ulikuwa mwingine, Courtrai au Gand, huko wanakofuma. Sikujua bado maana ya tofauti hiyo. Nikaandika barua mbili: moja kwa jina kubwa la Anvers, moja kwa jina dogo la Courtrai.

Anvers walijibu upesi. Karatasi ilikuwa nene, na juu yake ilichorwa picha ya kiwanda chenye mabomba marefu yanayotoa moshi. Maneno yalikuwa matamu: mabwana mafundi waheshimiwa, tutafurahi, hatutachelewa, bei hakuna atakayeishinda. Na pamoja na barua walituma kipande cha kaki cha kutosha koti zima, laini, kizito, kinachong'aa kidogo ukikigeuza. Mafundi walikipitisha mkono kwa mkono.

Courtrai walichelewa. Tulikuwa tumekwisha kuwasahau waliposhika kalamu. Kitambaa chao hakikuzidi kiganja cha mkono, kikavu, kibaya machoni. Na barua yao haikuwa na hata sifa moja, ilikuwa na maswali tu. Mnafua kwa sabuni gani? Mnaanika juani au kivulini? Pasi yenu ni ya makaa? Watakaovaa nguo hizi wanafanya kazi gani? Fueni kipande hiki kama mnavyofua nyumbani, kisha mtuandikie kimekuwaje.

Fundi Mwepu, mtani wa mjomba, mzaliwa wa palepale penye migodi, aliyemwita mjomba Yaya kama kaka mkubwa, alicheka hadi akashika mbavu. "Yaya Kasongo, aba si bauzaji. Aba ni bapolisi! Kesho batauliza mama yako alikuzalia wapi."

Mjomba naye alicheka. Na juma lile, bila kumwuliza mtu, alikikata kile kitambaa cha Anvers akajishonea koti.

Sasa elewa, mwanangu. Kwetu mtu akitaka kuoa, watu wake hutanguliza kitu kidogo nyumbani kwa msichana, kifungua mlango. Wakwe wakikiweka kando, maana yake mazungumzo yanaendelea, na mposaji mwingine anaweza bado kubisha hodi. Lakini wakikitumia, wakila kama ni chakula, wakivaa kama ni nguo, wamekubali, na mlango umefungwa. Hakuna mkweli wa kwetu atakayekula kifungua mlango cha mtu kisha aseme bado anafikiri. Mafundi walikuwa hawajakaa kuamua kati ya Anvers na Courtrai. Mjomba akaenda kuvaa posa ya Anvers mbele ya parokia nzima. Hiyo ndiyo iliyomwinamisha kichwa Mama Monga.

Jumatatu yake yule mfanyabiashara alikuja barazani mwenyewe. Hakuwa amewahi kuja Kamalondo tangu nimjue. Alisimamisha gari kwenye jua, akashuka, na cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Jambo, Kasongo."

"Jambo, Bwana."

"Bananiambia uko na koti ya mupya. Leta nione."

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini. Mjomba alilishusha akampa. Mzungu hakulitazama kwa mbali kama mtu anavyotazama nguo. Alilipindua, akatafuta mshono wa ndani, akakikunja kitambaa kwa vidole akakiachia, akangoja aone kama mkunjo utabaki. Alikuwa mjuzi wa kazi yake, sitamnyima hilo.

"Hii kilamba minajua," akasema, kidole juu ya kitambaa. "Inatoka Anvers."

Mjomba alinyoosha mkono apokee koti lake.

"Baliniandikia. Baliniuliza: huyu Kasongo wa Kamalondo ni nani? Iko muntu wa kuaminia?" Akalirudisha koti juu ya meza, taratibu. "Nitabaambia nini, Kasongo?"

"Bwana ataona mwenyewe neno la kusema."

"Minaona. Basi, barafiki yako ya Anvers bakuuzishe. Ku duka yangu usirudie tena. Wewe na benzako bote, mpaka ule wa mwisho."

Akaondoka. Vumbi la gari lilipotua, Fundi Mwepu alijaribu kutuchekesha: "Yaya, si ulitaka kuoa Bulaya? Ona, bakwe beko bakali mbele ya arusi." Hakuna aliyecheka. Kitambaa kilichobaki barazani kisingetosha mwezi. Shule zingefunguliwa mwisho wa kiangazi. Akiba ya kikundi cha mafundi ilitosha kuagiza robota moja tu la kaki. Likija baya, watoto wa Kamalondo wangevaa nguo zinazochujuka na kupanda magotini, na kila mama angejua mkono wa nani ulizishona. Jina la fundi, mwanangu, halina kiraka.

Mimi nilirudi kazini na swali moja kichwani: kwa nini mwenye kiwanda Anvers amwandikie mwenye duka Élisabethville? Stesheni ilipopokea mabehewa kutoka bandari ya Lobito, nikaenda nyuma ya ghala kutazama mizigo ya yule Mzungu. Makasha na marobota yake yote yalikuwa na jina lilelile kubwa jeusi, jina la waungwana wetu wa Anvers. Nikainama kama nilivyoinama kwenye mabanda ya kuku. Pembeni pa kasha la kwanza palikuwa na alama iliyochomwa ya kiwanda cha Gand. Kasha la pili lilikuwa na alama nyingine, ya mji mwingine. Kasha la tatu lilikuwa na nyingine kabisa. Alama ya kiwanda cha Anvers haikuwepo popote.

Jioni nikawakuta mafundi wamekaa barazani, Mama Monga amewaletea ugali na hakuna aliyenawa.

"Muyomba," nikasema, "ile nyumba ya Anvers haina mashine hata moja. Bananunua kwa bengine, banauzisha. Na muteja wabo mukubwa ni huyu Bwana wetu."

"Uliona?"

"Nilisoma na macho yangu."

"Na ile picha ya fabriki, na moshi?"

"Ni picha, Muyomba."

Nikatishe hadithi kidogo hapa. Miaka baadaye miguu yangu ilinifikisha Anvers, nikiwa mfanyakazi wa meli, na siku ya mapumziko nikaitafuta ile barabara. Nyumba niliikuta. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate, ngazi nyembamba, mlangoni kibao cha shaba kilichosuguliwa vizuri. Bomba la moshi pekee mle lilikuwa la mwoka mikate. Nilisimama barabarani kwenye baridi nikanusa mkate, na kwa ghafla nikawatamani watu wote wa baraza lile, hata wale waliokwisha kufa. Sikupanda ngazi. Ningemwambia nini? Muuzaji wa jumla si mwizi, mwanangu. Kazi yake ni halali na ina faida yake, maana anakusanya vya viwanda vingi na anakuletea vichache vichache. Kosa si kuwa muuzaji wa jumla. Kosa ni kuchora mabomba usiyo nayo.

Turudi Kamalondo. Niliposema niliyoyaona, nilidhani mambo yamekwisha. Mjomba akatikisa kichwa.

"Nilivaa," akasema. "Bantu bote baliona. Kama nilivaa, nilikubali."

"Leka tu, Muyomba. Tunyamaze. Ku Bulaya échantillon, kipande cha kuonyesha tu, haifunge muntu. Tena batatujua wapi? Hatutaonana nabo hata siku moja."

Alinigeukia. Hakuwa mtu wa hasira, na hiyo ndiyo iliyonifanya nitamani ardhi inifunike.

"Mwipwa," akasema, "muntu mwenye anakujua, unamupa heshima juu ya woga. Mwenye hakujue, njo kwake heshima yako inaonekana. Unataka tuanze budugu na watu wa Bulaya, na mwanzo ni kukimbia?"

Nimekaa nchi nyingi tangu hapo, nimefanya biashara na watu nisiojua hata lugha yao, na maneno hayo nimeyabeba kila mahali.

Fundi Mwepu akaingilia. "Basi tubakie na Anvers! Kilamba chabo angalau tunakijua, tulikishika. Courtrai tutabapa akiba yetu yote juu ya nini? Juu ya kipande kama jani ya ndizi yenye kuku balikula?"

"Kilamba chabo tulikijua," mjomba akasema, "lakini benyewe hatubajue. Wamemwandikia Bwana habari zetu. Tukiagiza kwabo, Bwana atajua siku, atajua bei, atajua kila kitu."

"Na Courtrai unabajua?"

Hapo Mama Monga, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema bila kuulizwa. "Posa inavunjikaka. Mumesahau? Mume akidanganya juu ya nyumba yao, posa inavunjika, na hakuna haya. Ila kitu chao kinarudia. Hata kama ilikuwa kuku, na mulikula, munarudisha kuku ingine."

"Kilamba kimekatwa, Mama," mjomba akasema.

"Basi koti irudie."

Unaweza kucheka, mwanangu. Mimi nilikaribia kucheka, kisha nikaona uso wa mjomba. Hilo lilikuwa koti lake la kwanza la maisha. Mtu aliyeshonea nusu ya mji alikuwa na mashati mawili matatu ya kuchakaa. Lakini asubuhi alilipiga pasi mwenyewe, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi, na mimi nikaandika kwa Kifaransa cha mapadri: tunashukuru, tumeona si njia yetu, tunarudisha kitu chenu kwa mikono miwili. Tukalipeleka posta. Hawakujibu kamwe. Labda walilitupa, labda kuna mtu Anvers alilivaa hadi likachanika. Sikujua.

Jumapili iliyofuata mjomba alikwenda misa na shati lake la zamani, akakaa palepale mbele. Nje ya kanisa vijana walimngoja. "Baba Kasongo! Koti yako imetangulia Bulaya? Itakuandikia barua?" Akawajibu, "Njo vile, na itaniletea bibi wa pili." Wakacheka pamoja naye. Mama Monga hakuinamisha kichwa siku ile.

Tukabaki na Courtrai na maswali yao. Nakuambia ukweli, hatukuwa na uhakika wowote. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema kwamba kila anayeuliza ni mwema. Tulichokuwa nacho ni kile kiganja cha kitambaa. Mama Monga akakipeleka mto Naviundu, akakifua kwa sabuni ile ile ya kila siku, akakipiga jiweni kama anavyopiga suruali ya mchimba madini, akakianika juu ya majani juani hadi alasiri. Mjomba akakipiga pasi ya makaa. Kisha tukakitazama. Kilikuwa kimepungua, na rangi ilikuwa imeanza kwenda.

Baraza zima likapoa.

"Tusibaandikie ile," Fundi Mwepu akasema, na mara hii hakuwa anatania. "Nani anamwambia mukwe, binti yako ana kilema? Batakasirika, hawatajibu tena, na sasa hatuna Bwana, hatuna Anvers, hatuna muntu."

Alisema kweli kwa upande wake. Kwetu mtu hamwambii mkwe mtarajiwa aibu yake usoni. Utapitisha kwa mtu wa tatu, utazungusha maneno, mara nyingi utanyamaza. Mafundi waligawanyika. Mjomba alikaa akikisugua kile kipande kwa kidole gumba.

"Baliuliza," akasema mwisho. "Muntu akikuuliza kilema ya mutoto wake, anataka kujua. Andika, mwipwa. Andika yote. Andika jiwe, andika jua, andika pasi ya makala."

Nikaandika yote, tukaweka na kile kipande kilichofuliwa ndani ya bahasha.

Kusubiri kulikofuata sitakutamanisha. Kitambaa cha mwisho kikaisha. Cherehani zikafunikwa kwa magunia. Fundi Mwepu alivumilia, akavumilia, kisha asubuhi moja akaja akabeba cherehani yake kichwani, akamwambia mjomba bila kumtazama, "Yaya, watoto banakula kila siku," akaenda zake kumwomba yule mfanyabiashara nafasi kwenye baraza la duka lake. Alipewa. Hakurudi kwetu, na hatukumlaumu. Mvumilivu hula mbivu, lakini si kila mtu ana tumbo la kungojea.

Jibu la Courtrai lilipofika, mjomba alinifanya nilisome mara mbili, mara ya pili polepole. Liliandikwa hivi, kwa maneno yangu: tunawashukuru kwa kutuambia ukweli. Kaki hiyo tuliifuma kwa ajili ya nchi za baridi. Msiinunue. Tunayo nyingine, nzito kidogo, tunaifuma kwa uzi uliokwisha kulowekwa, haina mng'ao. Fueni hii nayo kabla hamjaamua.

Msiinunue! Hakuna muuzaji aliyewahi kutuambia neno hilo. Tukakifua kipande cha pili. Kilishika. Tukaagiza robota, akiba yote ya kikundi ikaenda nalo, na hapakuwa tena na cha kurudi nyuma.

Kisha meli. Kisha Lobito. Kisha reli ndefu ile. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho wake, mawingu yakaanza kujikusanya alasiri, na akina mama wakaanza kuja na watoto kupimwa. Mjomba aliwapima wote. Nilimvuta kando: "Muyomba, unapimisha na kilamba hakuna?" Akasema, "Nikibaambia hakuna, bataenda kwa Bwana, na kilamba kikifika hakuna mutoto." Usiku halali, mchana anapima. Alikuwa amekonda.

Robota lilifika siku ambayo mvua ya kwanza ilitishia bila kunyesha. Nililiona mimi mwenyewe likishushwa, kwenye mbao zilizolibana alama ndogo iliyochomwa na hakuna jina jingine. Tulilisukuma kwenye mkokoteni hadi Kamalondo, na nyuma yetu wakajiunga akina mama waliosikia, wengine na watoto mgongoni. Barazani, fundi mmoja akashika mkasi akate kamba na kuanza na kitambaa cha juu. Mjomba akamzuia.

"Ya juu ni ya macho," akasema. "Toa ya katikati."

Wakachimba hadi moyo wa robota. Mjomba akakata kipande cha mraba, akakilaza juu ya meza, na kwa chaki akachora mstari kukizunguka, sawasawa na ukingo wake. Kisha akampa Mama Monga. Hapakuwa na haja ya kwenda mtoni. Alikifulia palepale, kwenye beseni, mbele ya wote, kwa sabuni ya siku zote, akakisugua hadi mikono ikawa myekundu. Maji watu waliyainamia wayaone kama yatabadilika rangi. Kikaanikwa juu ya kamba. Mawingu yakapita mbele ya jua, na mtu akasali kwa sauti ndogo yaondoke. Hakuna aliyekwenda nyumbani kupika.

Kilipokauka, mjomba akachukua pasi, akatia makaa, akangoja iwe moto. Akapitisha. Akakirudisha kile kipande mezani, juu ya mstari wa chaki. Akakinyoosha kwa kiganja, kona kwanza, kisha pande. Nilikuwa nimesimama karibu naye hadi nikasikia pumzi yake.

Ukingo wa kitambaa ukaushika mstari wa chaki pande zote. Hakikuwa kimepungua hata unyuzi.

Mjomba hakutabasamu. Alivua kofia, akaiweka juu ya cherehani, akasema neno moja tu kwa mafundi wake:

"Kata."

Basi, mwanangu, sasa sikiliza ninachokuambia, maana kesho nitakuwa njiani tena.

Anwani zako ni nzuri, lakini anwani ni mlango tu. Ukitaka kumpata mwenye kiwanda, usianze na jina linalopiga kelele. Angalia bidhaa yenyewe inayokuja nchini mwako, igeuze, itafute alama yake ndogo, ujue inazaliwa wapi kabla ya kujua inauzwa wapi. Kisha umwulize kila mmoja waziwazi: wewe unatengeneza au unauza vya wengine? Anayeuza vya wengine na akakiri, unaweza kufanya naye kazi. Anayeficha, muage kwa adabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na tena jihadhari na anayekusifu kabla hajajua unafanya nini.

Mpende anayekuuliza. Mwenye kukuuzia tu hana haja ya kujua jua lako. Anayetaka kitu chake kidumu mwilini mwako atakuuliza habari za sabuni yako. Na akikuuliza, mjibu kweli, hata kama kweli hiyo inakivunjia heshima kitambaa chake. Siku atakapokuambia "usinunue hiki," hapo umepata mtu. Sampuli usiivae kabla hujaamua. Ukiivaa kwa bahati mbaya, irudishe, hata kama mwenyewe hakujui na hutamwona. Na mzigo ukifika usihukumu kwa kile cha juu. Chimba hadi katikati, pima mbele ya watu, uwe tayari kusikia jibu.

Mungu akutangulie katika kila barua utakayotuma. Akupe wenzi wasiochoka kusubiri pamoja nawe, na wale watakaochoka uwaage bila uchungu. Kazi ya mikono yako iwafikie wenyewe ikiwa nzima, na jina lako liwe la kutajwa nyumbani mwa watu usiowajua. Nenda kwa amani.